Zawadi shuleni: Apewe aliyeshinda au aliyeshiriki?

WIKI ya kufunga shule inapokaribia, huenda umemwona mwanao akibadilika. Hali chakula vizuri, usiku hapati usingizi na asubuhi analalamika kwamba tumbo linamuuma. Mtoto mdogo aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Akipelekwa zahanati na kupimwa, haonekani na ugonjwa wowote.

Usimwambie kwamba anajifanya. Hofu huweza kuumiza tumbo na kichwa kweli kweli, hasa kwa mtoto ambaye bado hajui kueleza yaliyo moyoni. Muulize kwa upole kuhusu shule. Wengine huogopa ripoti, na wengine huogopa siku ya zawadi.

Kwa nini zawadi ziogopwe? Mtihani wa KCPE, ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulituzoesha kumuuliza mtoto swali moja tu: "Umekuwa nambari ngapi?" Watatu wa kwanza waliitwa mbele wakapewa madaftari au kikombe, na wenzao wakabaki kupiga makofi. Aliyeshika mkia aliona hakuna haja ya kujaribu tena. Aliyekuwa wa kwanza naye aliishi na hofu ya kushuka.

Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unampima mtoto kwa viwango vinne, kutoka aliye chini ya matarajio hadi anayeyazidi. Ndiyo maana wapo wazazi na walimu wanaosema kila mtoto apewe cheti kwa kushiriki tu. Je, hiyo ndiyo dawa?

Cheti kwa kila mtu

Kwa watoto wa chekechea, cheti cha kushiriki katika mbio au nyimbo hakina ubaya. Shabaha ni wacheze, wapate afya na wazoee kusimama mbele ya watu. Lakini mtoto wa miaka 10 ana macho. Akiona amepewa cheti sawa na mwenzake ambaye hakugusa kazi, atajua hakina thamani. Huenda hata akadhani mwalimu anamhurumia.

Isitoshe, zawadi yenyewe inaweza kuua hamu. Mwaka wa 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichunguza watoto wa miaka 3 hadi 5 waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu iwapo lingechora. Siku kadhaa baadaye, watoto hao walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Kilichodhuru ni ile ahadi, iliyogeuza mchezo kuwa kibarua.

Sifa pia ni zawadi

Mwaka wa 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa darasa la tano. Baada ya kufaulu zoezi, baadhi waliambiwa wana akili, na wengine wakaambiwa wamejitahidi. Kisha wote wakapewa zoezi gumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema na kazi yao ikazorota. Walipoulizwa alama zao, karibu 4 kati ya 10 walidanganya. Waliosifiwa jitihada waliendelea kujaribu, na wachache tu ndio waliodanganya.

Basi jibu ni hili: zawadi isitolewe kwa kuwa wa kwanza pekee, wala kwa kuhudhuria tu. Itolewe kwa jambo ambalo mtoto mwenyewe amelifanya na anaweza kulifanya tena. Mtoto mwenye haya aliyesimama mara ya kwanza kukariri shairi amefanya kazi kubwa, hata kama hakushinda. Aliyetoka alama 30 hadi 45 katika hesabu pia anastahili kupigiwa makofi.

La kufanya nyumbani

1. Kabla ya kuuliza nambari au kiwango, muulize amejifunza nini na ni wapi palipomshinda.

2. Taja alichofanya: "Nimeona umerudia hesabu hii mara tatu." Usiseme tu, "Una akili."

3. Mlinganishe na alivyokuwa muhula uliopita, si na binamu yake wala mtoto wa jirani.

4. Usimwahidi baiskeli wala pesa kwa jambo analolipenda tayari.

5. Akishindwa, usimfariji kwa uongo kwamba amefanya vizuri. Kaeni pamoja mtafute kosa lilipo.

6. Katika mkutano wa wazazi, pendekezeni zawadi za maendeleo, bidii, usafi na kusaidia wenzake.

Iwapo maumivu ya tumbo yanaandamana na homa, kutapika, kuhara au kupungua uzito, usiyahesabu kuwa ni hofu ya shule, mpeleke hospitali. Na iwapo mtoto anakataa shule kwa siku nyingi, anajitenga au anasema hataki kuishi, usingoje muhula uishe. Mwone daktari au mshauri mara moja, au piga simu nambari 116 ya kusaidia watoto, ambayo haitozwi malipo.