Upinde na Sababu za Kuvunjika Kwake

Watu wengi wautazamapo upinde hudhani ya kuwa ni fimbo tu iliyopindwa ikafungwa uzi. Lakini mtu auvutaye mpaka upote ufike shavuni ameshika nguvu nyingi karibu sana na jicho lake. Upinde wa ratili 40, ambao si upinde mkubwa, wataka nguvu sawasawa na ile ya kuinua debe lililojaa maji. Upote ukiachiliwa, nguvu hizo zote hutoka mara moja. Zikichukuliwa na mshale, kazi imekwenda vema. Zikikosa mshale wa kuzichukua, huweza kuupasua upinde wenyewe, na vipande vyake vikaruka usoni mwa mpigaji au mwa wenzake waliosimama karibu.

Jambo hili lilijulikana zamani kwa kila taifa lililoishi kwa upinde. Waata wa nchi ya Tsavo, ambao Wagiriama huwaita Waliangulu, walikuwa mashuhuri kwa pinde kali walizowindia ndovu. Wakamba nao walisifiwa kwa mishale yao. Hata leo Wahadzabe wa kando ya ziwa Eyasi, katika Tanzania, huwinda kwa upinde wenye upote wa kano za mnyama. Kwa watu kama hao, upinde ukivunjika porini nyama imepotea siku ile, na pengine mkono au jicho la mwindaji limepotea pia.

Ili kufahamu kwa nini upinde huvunjika, yapasa kwanza kujua kazi ya mti ndani yake. Upande unaoelekea shabaha huitwa mgongo, na ule unaomwelekea mpigaji huitwa tumbo. Upinde ukivutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hutanuliwa kama kamba ivutwayo na watu wawili. Zile za tumboni husongwa pamoja. Mti mzuri huvumilia yote mawili. Lakini kama kisu kimekata nyuzi chache za mgongoni, mzigo wa nyuzi zile huwaangukia jirani zao. Jirani nao hushindwa, na jirani wa jirani, na upinde wote hupasuka kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo mgongoni ni jambo la kuogopwa kuliko upinde wenyewe kuwa mwembamba.

Wanafunzi waweza kulijaribu neno hili bila upinde. Wakate vijiti vitatu vikavu vyenye unene mmoja kutoka tawi moja. Viwili vikatwe kidogo kwa kisu katikati, na cha tatu kiachwe kizima. Kisha kila kimoja kipindwe polepole, mbali na uso. Kijiti kilichopindwa alama ikiwa upande wa nje kitavunjika mapema, tena penye alama hasa. Kile kilichopindwa alama ikiwa upande wa ndani kitastahimili zaidi, ingawa hakitakifikia kile kizima.

Ndiyo sababu fundi hodari huufuata mti jinsi ulivyokua, wala hakati mgongo wa upinde kwa kuvuka nyuzi. Waingereza wa zamani walipenda mti uitwao yuu, kwa kuwa mti wake mweupe wa nje hukubali kutanuliwa, na mti wake mwekundu wa ndani hukubali kusongwa. Basi walichonga upinde mmoja wenye tabaka zote mbili. Marekebu Mary Rose ya Mfalme Henry wa Nane ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545, na ilipoopolewa mwaka 1982 watu walikuwa wamekwisha kupata katika mabaki yake pinde nyingi za mti huo. Zilizopatikana zote jumla ni 172, na nyingi zilikuwa nzima bado baada ya kulala chini ya bahari zaidi ya miaka 400. Wataalamu wakisia ya kuwa nyingi zilitaka nguvu zaidi ya ratili 100.

Mwaka ule ule wa 1545 mwalimu mmoja Mwingereza, Roger Ascham, alitoa kitabu juu ya kupiga mishale, jina lake Toxophilus. (Baadaye alikuwa mwalimu wa binti mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia.) Ascham alisema ya kuwa pinde huvunjika mara nyingi kwa njia nne: kwa ajili ya upote, kwa ajili ya mshale, kwa kuvutwa kupita kiasi, na kwa majeraha madogo yaliyoanza katika mti. Yafaa kuangaliwa kwamba ni moja tu ya hizo nne iliyo ndani ya mti wenyewe. Tatu nyingine ni kazi ya mtu.

Upote huonekana kuwa kitu duni, lakini ukikatika upinde ukiwa umevutwa, mikono miwili ya upinde huruka mbele bila cha kuizuia. Upote wa kano ukilowa mvua hurefuka na kulegea. Wa nyuzi husagika penye mshale na penye ncha za upinde. Uzi mmoja ukichomoza tu, upote huo haufai tena. Si busara kungoja ukatike wa pili.

Kwa habari ya mshale, ubaya mkubwa kuliko wote ni kukosa mshale. Kijana huazima upinde wa mtu, husimama mbele ya wenzake, huvuta mpaka mwisho, kisha huachia upote mtupu ili wausikie mlio wake. Wenzake hucheka, upinde hurudishwa kwa mwenyewe, wala hapana aonaye kitu. Lakini nguvu ambazo zingechukuliwa na mshale zimebaki katika mti na kuutikisa wote, na pengine ufa umekwisha kuanza ndani. Kesho mwenyewe auvutapo kwa taratibu zake zote, humpasukia mkononi, naye hajui kosa ni la nani. Mshale ambao pengo lake la nyuma limepasuka huleta hatari ile ile, kwa maana upote huuponyoka ukapita mtupu.

Kuvuta kupita kiasi nako hutokea sana kwa kuazimana. Mtu wa mikono mirefu, akipewa upinde wa mtu mfupi na mshale mrefu wa kwake, huupinda upinde ule kuliko ulivyopata kupindwa maisha yake yote.

Yabaki majeraha ya mti. Tumboni huanza kama mistari myembamba inayokata upinde kwa upana, mfano wa mikunjo ya kiganja. Mahali pale mti umesongwa hata nyuzi zimevunjika. Dawa aliyoitaja Ascham ni ya ajabu kidogo: jeraha likiwa changa, mti ulio pembeni yake upunguzwe, ili kupinda kuenee mahali pengi badala ya kuonea mahali pamoja. Jeraha likiwa kubwa halina dawa. Vibanzi vya mgongoni hutafutwa kwa pamba: mtu huipitisha polepole toka ncha hata ncha, na penye kibanzi, hata kisichoonekana kwa jicho, pamba hunasa. Tena mwenzake husimama mbali kidogo akitazama upinde uliovutwa nusu tu. Kama mahali pamoja panapinda kama goti, hapo ndipo utakapovunjika.

Mwindaji mzoefu hafanyi hayo mara moja kwa mwaka. Huyafanya kila anapouchukua upinde wake, na hauvuti mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, bali huuamsha kwa kuuvuta kidogo kidogo. Jioni huuvua upote, kwa maana upinde uliolazwa na upote wake huzoea kupinda na kupungukiwa nguvu. Mhadzabe huutazama mshale kwa urefu wake wote, na akiona umepinda huupasha moto, akaunyosha kwa meno na mikono.

Mishale ya siku hizi mingi hufanywa kwa kaboni, kitu chepesi na kigumu sana, nayo yaweza kupasuka ndani bila kuonyesha alama nje. Mpigaji huushika mshale ncha zote mbili, akaupinda kidogo huku akiuzungusha, na kuusikiliza. Ukialika, hautumiki tena. Huvunjwa vipande viwili kabla ya kutupwa, ili mtu mwingine asiuokote akidhani ni mzima.