Huenda si Ajizi, Huenda ni Damu

SWALI: Daktari, binti yangu ana umri wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Alipokuwa skuli ya msingi hakutoka katika kumi wa mwanzo, lakini mwaka huu amekuwa wa kusinzia darasani na kulalamika kichwa, akipanda kilima kidogo moyo humwenda mbio, na mara kadhaa nimemkuta akitafuna mchele mbichi. Mwalimu wake anasema ni uvivu, na dawa ya uvivu ni bakora. Nifanye nini? – Mama wa Wete, Pemba.

JIBU: Bibi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakoma penye ule mchele mbichi, kwani neno hilo ulilolitia mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, kwetu sisi tuliozoea kutazama wagonjwa, lina habari kubwa kuliko yote yaliyolitangulia. Mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma mwilini aghalabu hushikwa na uchu wa vitu visivyokuwa chakula, kama mchele mkavu, udongo, barafu na hata chaki, na uchu huo haumtoki kwa kukanywa wala kwa kuaibishwa, bali hukoma wenyewe pale chuma kinaporejea. Basi kabla hajahukumiwa kwa ajizi, na itazamwe damu yake.

Mkalishe karibu na dirisha wakati wa mchana, uuvute ukope wa chini taratibu kwa kidole gumba, uangalie upande wake wa ndani, kisha uangalie na wa nduguye ili upate wa kulinganisha. Penye damu ya kutosha utaona wekundu ulioiva; penye upungufu wekundu huo hufifia mpaka ukawa kama maji yaliyooshewa nyama. Vitazame na viganja vyake. Lakini hayo ni dalili tu, na hukumu ni ya kipimo, ambacho hutaka tone moja la damu la kidoleni: binti wa umri wake yapasa awe na hemoglobini isiyopungua gramu 12 kwa kila desilita. Ikiwa chini ya hapo, damu haipeleki hewa ya kutosha kwenye misuli wala kwenye ubongo, na moyo, kwa kutaka kuifidia kasoro hiyo, hulazimika kwenda mbio hata kwenye kilima kidogo. Na mtoto wa hali hiyo, ukimweka mbele ya ubao saa nne za asubuhi, atasinzia hata kama moyo wake una hamu ya elimu kuliko wenziwe wote.

Sasa damu hiyo inakwenda wapi? Binti wa miaka 14 yumo katika kukua kwa kasi, na kama ameshavunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Hayo mawili peke yake hutosha kumpunguzia damu asiyekula vizuri. Lakini huko Pemba kuna mwizi wa tatu, mnyoo ambaye wazee wetu walimjua kwa maradhi anayoyaleta, nayo ni safura. Mayai ya minyoo hii hutoka na kinyesi, yakaanguliwa kwenye ardhi yenye unyevu na kivuli, kama ile ya chini ya migomba, na viluwiluwi vyake, visivyoonekana kwa macho, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Mara nyingine mtoto huhisi mwasho baina ya vidole, akajikuna, akasahau. Toka hapo viluwiluwi hufuata damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hukaa katika utumbo mwembamba, ambako kila mnyoo huuma ukuta wa utumbo na kunyonya. Mmoja hunyonya kitu kidogo mno, lakini wakiwa mamia, na miezi ikipita, hasara yao huonekana kwenye daftari la mwalimu kabla haijaonekana kwa tabibu.

Huko Busia, magharibi ya Kenya, watoto wa skuli za msingi walipewa dawa za minyoo, na wataalamu waliolifuatilia jambo hilo, Edward Miguel na Michael Kremer, waliandika mwaka 2004 kwamba utoro katika skuli zilizopata dawa ulipungua kwa robo. Waliandika pia kwamba alama za mitihani hazikupanda kwa sababu hiyo, na mimi habari hii ya pili naithamini sawa na ile ya kwanza, kwa kuwa yatuonya tusidhani kwamba tembe moja itamaliza kazi iliyo ya chakula, ya usingizi na ya mwalimu mwema.

Nikitaja chakula, naitaja chai kwanza. Chai ya rangi inywewayo pamoja na mlo huzuia sehemu kubwa ya chuma isiingie mwilini, na watoto wetu wengi huondoka nyumbani alfajiri na chai hiyo na kipande cha mkate, basi. Chai na ingojee saa nzima au zaidi baada ya kula. Chuma cha dagaa, samaki na maini huingia mwilini kwa wepesi. Kile cha kunde, choroko na mchicha huingia kwa shida, ila ukikamulia ndimu au ukala na pera au chungwa, njia hufunguka.

Ama usingizi, umri wake wataka saa nane hadi kumi kila usiku. Hebu ihesabu siku yake, tangu kuamka alfajiri, skuli, chuoni, kuteka maji, hadi daftari za usiku, uone zimebaki saa ngapi. Na kama kuna kazi ya kumpunguzia, mpunguzie.

Tahadhari moja: usimnunulie vidonge vya chuma dukani kabla hajapimwa, kwani upungufu wa damu huweza kuletwa pia na malaria, au na selimundu, ambayo tiba yake ni nyingine, na muulize kwa faragha kama mkojo wake una damu, maana kichocho nacho kimo visiwani. Ikithibitika ni safura, kwa kawaida hutafuna tembe ya albendazoli ya miligramu 400 mara moja, kisha hupewa vidonge vya chuma atakavyoendelea navyo miezi kadhaa hata baada ya wajihi kunawiri. Choo kikiwa cheusi msihofu, lakini vidonge hivyo vifungieni mbali na watoto wadogo, kwao ni sumu. Na akiingia kondeni, avae viatu.

Nenda naye hospitali juma hili, bibi, na majibu yakitoka mpelekee mwalimu karatasi hiyo aisome mwenyewe, umwombe kwa heshima aiweke bakora chini.