Dua na Dozi Kaliua

Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma, Waislamu na Wakristo wanakutana kliniki moja ya tiba na matunzo, CTC. Mshauri wa watu wanaoishi na VVU anajibu wanayouliza zaidi.

Daktari, shikamoo. Nimeambiwa virusi havionekani. Kwenye maombi wanasema nimepona, nishuhudie na niache dawa.

Marahaba, mama. Shuhudia, lakini dawa usiache. "Havionekani" ina maana dawa zimevifubaza virusi hadi kipimo cha wingi wa virusi hakivioni kwenye damu. Vingine vimejificha ndani ya seli za mwili. Ukiacha dozi vinaamka, mara nyingi ndani ya wiki chache tu, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa uliyoizoea. Wanaokuombea wanakutakia mema, sina shaka. Lakini majibu hayo mazuri umeyapata kwa kumeza kidonge kila siku. Ukidumu hivyo, humwambukizi mumeo mnapokutana kimwili. Huo ni ushuhuda mkubwa, useme kanisani bila woga.

Haya tulishayaona. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wapo waliotupa ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, baada ya kunywa, na afya zao zikazorota.

Ramadhani inakaribia. Nifunge?

Kama afya yako imetulia, inawezekana. TLD, dawa ya VVU, ni kidonge kimoja kwa siku: meza baada ya kufuturu au wakati wa daku, na usibadilishe saa. Ongea na kliniki kabla mwezi haujaandama. Ukiwa mgonjwa, Kurani yenyewe imekuruhusu kula, siku hizo ukazilipa baadaye. Na ndugu zangu mnaofunga kavu siku tatu: kidonge kimezwe, na maji yake yanywewe. Hapo sitetereki.

Nimwambie mchungaji wangu?

Ni hiari yako. Mchague anayetunza siri.

Nahisi Mungu ameniadhibu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana mtu anayejiona amehukumiwa haoni sababu ya kwenda kliniki. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, kasisi wa Anglikana nchini Uganda, alitangaza hadharani kwamba anaishi na VVU, akaendelea na utumishi wake. Kwa hiyo usikubali kuambiwa umelaaniwa. Tafuta jumuiya au jamaa wa msikitini watakaokujulia hali ukiugua, wakuchangie nauli ukikwama, wakuulize kama umemeza.

Nanyi mashehe na wachungaji wa Kaliua, nawaomba jambo moja. Msimu wa tumbaku ukianza na watu wakihamia mashambani, tangazeni mimbarini: kabla hujaondoka, pitia CTC uchukue dawa za kukutosha mpaka urudi.