Mkija Nairobi na Watoto, Mtalala Wapi?



Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na Disemba, sisi wa Tena tunawatambua wageni kabla hawajabisha hodi. Baba anashuka kwenye matatu akiwa na gunia la mahindi, mama anafuata na mtoto mgongoni, na wawili wengine wameshikana mikono wakiogopa pikipiki. Kuna waliokuja kwa harusi, kuna waliokuja kumwona kijana wao akihitimu chuo, na kuna wale ambao mtoto wao ametumwa na hospitali ya huko nyumbani kuja kuonwa Kenyatta. Wote wana swali moja ambalo lingefaa kujibiwa kabla ya kukata tiketi ya basi: usiku tutalala wapi?

Ukurasa huu ni wa mambo ya ndoa, na huenda msomaji akauliza malazi yanahusianaje na ndoa. Yanahusiana sana. Safari ya siku 3 yaweza kuleta ugomvi wa miezi 3. Mume anaamua kimya kimya kwamba watafikia kwa ndugu yake. Mke anajua ya kuwa nyumba ile ni ndogo na wifi yake amechoka na wageni, lakini hasemi kitu. Anakwenda akiwa amenuna. Au mke anataka walale mahali pa kulipa, na mume anaona aibu: watu wa kwetu watasemaje, nina ndugu Nairobi nami nimelala lojingi? Upande wa wenyeji ni vivyo hivyo. Mume anaitikia kwa simu, "Karibuni, nyumba ni yenu," na mkewe anapata habari jioni wageni wakiwa tayari wamefika Thika.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kitanda, kaeni wawili mkubaliane. Msingoje kubishana mbele ya watoto stendi ya basi saa mbili usiku.

Tuanze na nyumba ya ndugu, kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayoifikiria kwanza. Si vibaya kuifikiria. Watoto wanajuana na binamu zao, na mgonjwa akizidiwa usiku kuna mtu anayejua njia. Lakini tazameni nyumba zenyewe zilivyo. Hapa Tena, na jirani zetu Umoja na Donholm, watu wengi wanakaa kwenye maghorofa: sebule, chumba kimoja au viwili, choo kimoja. Wenyeji wana watoto wao watatu. Mkiongezeka watano, mmekuwa kumi kwa choo kimoja, na asubuhi anayekwenda kazini anataka kuwa njiani kabla Outer Ring na Jogoo Road hazijajaa magari.

Halafu kuna maji. Nairobi maji huja kwa zamu, na mitaa mingi hupata siku fulani tu za wiki. Sehemu kubwa ya maji ya jiji yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililomalizika kujengwa mwaka 1994, na mvua ikikosekana huko milimani sisi wa mjini tunapanga mitungi. Mgeni aliyezoea mto au kisima anaoga beseni mbili zilizojaa bila kujua kwamba mtungi ule wa lita 20 ulinunuliwa kwa mtu wa mkokoteni. Hakuna anayemwambia. Mama wa nyumba ananyamaza, na maneno yanatoka wiki ijayo, kwa mumewe.

Tunapenda kusema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeona wageni wanaoikumbuka ile nusu ya kwanza tu. Ukifikia kwa ndugu, leta vitu ambavyo nyumba hiyo inanunua kila siku: unga, mafuta, pesa ya gesi, pesa ya maji. Gunia la mahindi ni zuri lakini halichemshi chai. Na hiyo pesa mpe mama wa nyumba mkononi mwake, usimpe mumewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua gesi imebaki kiasi gani. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Abrahamu alipowapokea wale wageni watatu aliingia hemani kumwambia Sara aoke mikate. Sisi tunaofundisha tunamsifu Abrahamu kwa ukarimu. Ni wachache wanaouliza Sara alikuwa ameamkaje siku ile.

Ninyi mnaokaa mjini, jifunzeni jibu hili: "Ngoja nizungumze na mama watoto, nitakupigia jioni." Mwanamume anayejibu hivyo hajatawaliwa na mke wake. Na mkiona kweli hamna nafasi, semeni mapema na kwa upole, kisha mjitolee jambo lingine. Ndugu asiyeweza kuwalaza anaweza kwenda kuwatazamia chumba cha kulipa, anaweza kuwapokea stendi, anaweza kuwaalika chakula cha Jumapili. Huo ni ukarimu pia, wala hautoi mtu machozi.

Kuna hali nyingine ambapo kulipa chumba ni heshima zaidi kuliko kukataa kulipa. Wako wazee ambao kwa mila zao hawawezi kulala chini ya paa moja na mkwe. Usimlazimishe mama mkwe kukesha kitini sebuleni kwa sababu wewe unaona mila ni mambo ya zamani. Mtafutieni mahali, mume na mke mkichanga pamoja.

Sasa tuje kwenye malazi ya kulipa. Wanaotoka mbali mara nyingi hushukia Machakos Country Bus, Nyamakima, Accra Road au pande za River Road, na hapo hapo wanaona kibao cha lojingi ya bei ndogo. Tusiwaonee wenye hizo nyumba. Ziko ambazo ni tulivu, hazina baa, na wafanyabiashara wa mikoani wamezilalia miaka mingi bila shida. Lakini nyingine zina baa chini na muziki mpaka usiku wa manane, na vyumba vinakodiwa kwa saa. Utaijua haraka. Mtu wa mapokezi akikuuliza, "Ni ya saa chache ama mpaka asubuhi?" wachukue watoto mwondoke, hata kama mvua inanyesha.

Tena bei ya mlangoni si bei yote. Tuseme chumba cha lojingi ni shilingi 1,000. Hawakubali watu watano chumba kimoja, kwa hiyo mnachukua viwili: 2,000. Chai na mkate asubuhi hotelini, tuseme 150 kwa kila mtu: 750. Jioni mmechelewa, mnaogopa kutembea na watoto, mnapanda teksi: 500. Jumla 3,250. Mahali pengine chumba kimoja cha familia kingekuwa 3,000 na chai ndani, nanyi mlikipita kwa sababu mlisikia elfu tatu mkaogopa. Hata kwa ndugu si bure. Baba, mama na mtoto mgonjwa wakitoka Tena kwenda hospitali, ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme shilingi 60 kwa kila mtu kila gari, hiyo ni 720 kwa siku, na kwa siku 3 ni 2,160. Hesabu hizi ni za mfano. Ulizeni bei za siku yenu, mziandike kwenye karatasi, na mzipige pamoja.

Kuna nyumba za wageni ambazo watu wetu wengi wanazipita wakidhani ni za mapadre na wazungu. Masista wa Consolata wana Flora Hostel, Fifth Ngong Avenue. Waanglikana wana ACK Guest House, Bishops Road. Hizi mbili ziko upande wa Upper Hill, kwa hiyo anayekwenda Kenyatta National hapotezi asubuhi nzima ndani ya magari. YMCA wako State House Road, na wako pia Shauri Moyo, huku kwetu Eastlands. YWCA wako Mamlaka Road. Wamethodisti wana nyumba yao Oloitokitok Road, na Wamenoni wana ya kwao Church Road, Westlands. Hakuna anayedai cheti cha ubatizo mlangoni.

Msidhani zote ni rahisi. Kwa mkulima mdogo nyingine ni ghali, tena ghali sana, na hilo ni afadhali kulijua mkiwa bado nyumbani. Pigeni simu mapema, hasa Agosti na Disemba. Ulizeni kama wanapokea familia nzima, kwa maana mahali pengine pamepangwa kwa wanafunzi au kwa mtu mmoja mmoja. Ulizeni mtoto wa umri gani halipiwi, kama mnaweza kuongezewa godoro chumbani, kama chai ya asubuhi imo katika bei, na lango linafungwa saa ngapi. Hili la lango huwasumbua akina baba. Mahali ambapo hakuna pombe na askari anafunga saa nne, baba aliyepanga kukutana na marafiki zake wa zamani anaona amefungwa bweni. Kama ndivyo, hilo nalo lizungumzwe kabla ya safari, kwa sababu mke aliyeachwa chumbani na watoto watatu katika mji asioujua hatalisahau.

Siku hizi kuna namna nyingine: nyumba zenye vyombo zinazokodiwa kwa siku, nazo zimeenea hata huku Tena, Umoja na Donholm. Kwa familia zina faida kubwa, kwa sababu kuna jiko. Mama anapika uji wa mtoto saa anayotaka, na mnakula ugali wenu bila kuhesabu sahani za hoteli. Lakini hapa muwe na macho. Januari 2024 wanawake waliuawa katika vyumba vya namna hii hapa Nairobi, na baadaye mamlaka inayosimamia utalii ilitaka wenye nyumba hizo wajisajili. Sisemi muogope. Nasema msitume pesa yote kwa M-Pesa kwa mtu ambaye hamjamwona kwa sababu tu picha zake ni nzuri. Mwombeni ndugu au mtu wa jumuiya aende, aingie, afungue bomba la maji, atazame kama roshani ina vyuma ambavyo mtoto wa miaka miwili hawezi kupenya, na kama mlango unafungwa kwa ndani. Azungumze na keyateka na jirani mmoja. Mama mboga wa pale nje pia anajua mengi. Ajifanye ananunua sukuma.

Kama hamna ndugu mjini, nendeni kwa paroko wenu au kwa mwenyekiti wa jumuiya kabla ya safari. Barua fupi yenye muhuri wa parokia imewafungulia wengi mlango, nami nimeona wageni wa namna hiyo wakipokelewa hapa mtaani kwetu na watu wasiowajua kabisa.

Mambo madogo ya watoto msiyadharau. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa Julai baridi yake si mchezo kwa mtoto wa Mombasa au Kisumu. Ulizeni kuhusu blanketi na maji moto. Mtoto anayekojoa kitandani abebewe mpira wa kutandika, na msimwaibishe mbele ya wenyeji. Mizigo pakieni katika kiondo au mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Chukueni nakala za vyeti vya kuzaliwa, hasa ikiwa mzazi ni mmoja tu aliyesafiri. Kila mtoto awe na karatasi yenye nambari ya simu mfukoni. Na chagueni basi linalofika mchana.

Neno moja kwenu wawili. Katika nyumba ya ndugu mara nyingi wanaume hulazwa sebuleni na wanawake chumbani na watoto. Kwa usiku 2 au 3 si kitu. Lakini mkikaa wiki mbili kwa ajili ya matibabu, mkiwa na hofu juu ya mtoto, na hamna hata kona ya kuzungumza peke yenu, mtaanza kukaripiana kwa mambo yasiyo na maana. Nikiulizwa, ningesema afadhali kulipia usiku mmoja katikati ya safari mahali penu wenyewe, hata kama ni kukopa kutoka pesa ya zawadi za kupeleka nyumbani. Zawadi zitanunuliwa safari nyingine.

Maswali ya kuzungumza mkiwa wawili, kabla ya safari:

Mara ya mwisho tulipofikia kwa ndugu, ni nani kati yetu aliyeamua, na mwingine aliulizwa?

Tukipata chumba cha kulipa, ni nani atakayemweleza ndugu yetu wa mjini ili asione tumemdharau, naye atatumia maneno gani?

Tuna shilingi ngapi za kulala, mbali na nauli na chakula, na ni mahali gani tutapiga simu kesho kuuliza bei?

Kama sisi ndio wenyeji, nyumba yetu inaweza kulaza watu wangapi, kwa siku ngapi, bila mmoja wetu kuumia?