Dondoo muhimu: Muda wa kujibu, kutoka faili hadi wastani

Umewatumia wanafunzi wenzako wa Chuo Kikuu cha Kibabii jaribio la Stroop (lile la 1935: neno "nyekundu" limeandikwa kwa rangi ya kijani, nawe utaje rangi). Faili zimerudi. Usikimbilie kukokotoa.

Kagua kipimo. Programu ya PsychoPy huandika muda kwa sekunde, ile ya jsPsych kwa milisekunde.

Majibu sahihi tu. Asiyejibu, kisanduku chake kibaki wazi. Ukiweka sifuri, umemfanya mwepesi kuliko wote!

Jihadhari na jibu moja refu. Tuseme mshiriki alijibu kwa simu akiwa ndani ya matatu, steji ya Kanduyi: milisekunde 612, 580, 655, 598, kisha 4,130. Pengine konda alikuwa akidai nauli. Wastani wa zote tano ni 1,315, na hakuna jibu lake hata moja lililoukaribia. Zipange kwa ukubwa: ya katikati ni 612. Mimi huiamini hiyo zaidi. Ukitaka kukata majibu ya kupita kiasi, amua mpaka kabla ya kuona matokeo, si baada ya kuona yasiyokupendeza.

Mtu kwanza, kundi baadaye. Kila mshiriki apate wastani wake (au namba yake ya katikati) kwa kila aina ya swali, ndipo utafute wa kundi.

Simu au kompyuta? Mtandao wa polepole usikutishe, muda hupimwa ndani ya kifaa chenyewe. Ila vifaa huchelewa kwa viwango tofauti, basi mlinganishe mtu na nafsi yake: muda wa maneno yanayopingana na rangi, ukitoa muda wa yanayolingana nayo.