Chai za Mitishamba za Kutuliza: Kinywaji au Dawa?

Katika kaya nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, kikombe cha mchaichai wakati wa jioni ni jambo la kawaida. Majani huchumwa nyuma ya nyumba, huchemshwa, na wanywaji husema kwamba hutuliza mwili na kuleta usingizi. Siku hizi majani ya namna hiyo huuzwa pia yakiwa yamekaushwa na kufungwa katika pakiti. Hapo ndipo mtumiaji anapaswa kujiuliza: anachonunua ni kinywaji au ni dawa?

Jibu halitokani na mmea peke yake, bali hasa na maneno ya muuzaji. Mchaichai unaouzwa kama kiburudisho ni chakula, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mchaichai uleule ukiandikiwa kwamba unatibu kukosa usingizi au shinikizo la damu, umeingia katika dawa za asili, ambazo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 imeziweka chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa hiyo alama ya ubora ya TBS haithibitishi kwamba bidhaa inatibu ugonjwa wowote.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Tafuta jina la mmea, sehemu iliyotumika (jani, gome au mzizi), jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Maneno kama “mchanganyiko wa siri” yatoshe kukufanya uirudishe. Mzee anayetumia vidonge vya usingizi, akiongeza juu yake mitishamba inayosinziza, anaweza kulewa usingizi na kuanguka usiku. Naye tabibu hawezi kumsaidia ipasavyo asipojua alichokunywa. Tahadhari hiyo inamhusu pia mjamzito, dereva wa bodaboda, na mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku na taa zake. Unga unaolaza mtu fofofo kwa dakika chache ushukiwe kuwa umechanganywa na dawa za hospitali.

Liko pia kosa dogo la jikoni. Wengi huchemsha mchaichai pamoja na majani ya chai ya kawaida, kisha hushangaa usingizi ukichelewa. Majani hayo yana kafeini, ambayo hukesheza. Kwa kikombe cha usiku, mchaichai na maji vinatosha.

Ukisikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio au usingizi usio wa kawaida baada ya kunywa, acha kutumia na uende kituo cha afya kilicho karibu. Nenda na pakiti yenyewe, hata kama imebaki vumbi tu, na utaje mahali ulipoinunua.