Mpira Usemao kwa Rangi

Ukiuvuta, mpira huu mwekundu hugeuka kijani, kisha buluu. Ukiuachia, unarudia wekundu wake. Hauna waya wala betri. Siri yake ni fuwele za kimiminika.

Fuwele za kimiminika ni nini?

Ni maada iliyo kati ya yabisi na kimiminika: hutiririka, ila molekuli zake zimejipanga. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, aliyeyusha kemikali iliyogeuka uji wenye ukungu kwenye nyuzijoto 145.5, kisha ikawa angavu ilipofika 178.5. Leo maada za jamii hiyo zimo katika skrini nyingi za televisheni.

Mwaka 1981, Heino Finkelmann na wenzake nchini Ujerumani waliunganisha fuwele za kimiminika na mpira.

Rangi hutoka wapi, kama hakuna rangi iliyotiwa?

Molekuli zimelala tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limegeuka kidogo kuliko la chini yake, mithili ya ngazi ya kuzunguka mnarani. Mpangilio huo hurudisha mwanga wenye urefu wa wimbi unaolingana na kimo cha mzunguko. Mpira ukivutwa huwa mwembamba, mizunguko hubanana, na wimbi linalorudishwa hufupika. Ndipo nyekundu inapoelekea buluu.

Maumbile yalitangulia. Tunda la *Pollia condensata*, mmea wa misitu ya Afrika, Tanzania ikiwemo, hung'aa buluu kwa tabaka za selulosi zilizopindwa vivyo hivyo. Tunda lililochumwa Ghana mwaka 1974 lilikuwa bado liking'aa watafiti walipolichunguza miongo kadhaa baadaye.

Mpira huu una faida gani?

Unaonyesha nguvu kwa macho. Mwaka 2022, kikundi cha Jan Lagerwall katika Chuo Kikuu cha Luxembourg kilieleza nyuzi za mpira huu zilizoshonwa kwenye kitambaa. Zilivutwa mara nyingi na kufuliwa kwa mashine, bado zikabadili rangi. Vazi la namna hiyo laweza kuonyesha kiungo cha mwanariadha kinavyojikunja.

Hospitalini, bandeji ya kubana ikilegea haisaidii, ikikaza mno huzuia damu. Mwaka 2018, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) walitengeneza bandeji yenye nyuzi za mpira wa tabaka, zisizo za fuwele ila zinazofuata kanuni inayokaribiana, ili muuguzi asome mkazo kwa rangi.

Kikwazo kikubwa ni kipi?

Pembe ya kutazamia. Anayesimama ubavuni huona rangi tofauti na aliye mbele, hivyo kipimo sahihi hudai mtazamaji au kamera ikae mahali palepale.